Kununua Makao Ghorofani
(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimeamriwa kunena habari za kununua makao katika jengo lenye wenyewe wengi, nami nadhani nimechaguliwa kwa kuwa nimekwisha kuumia. Mwaka 2021 nilinunua vyumba vitatu Kariakoo kwa akiba ya miaka minane na mkopo juu yake. Vyumba nilivikagua sana, hata mabomba niliyafungua moja moja. Muuzaji akanionyesha mkataba wenye mihuri mingi, na sisi makarani, mnajua, tukiona muhuri mioyo hutulia. Baadaye, kwa Msajili wa Hati, nikakuta jengo zima bado li katika hati moja yenye jina lake, nayo iko rehani benki. Fedha zangu zilikuwa zimenunua ahadi yake tu.

Sheria ya mwaka 2008 juu ya umiliki wa sehemu za majengo huruhusu kila sehemu iwe na hati yake. Basi kabla ya kutoa shilingi, ombeni upekuzi rasmi kwa Msajili: hati ni ya nani, ina rehani au zuio, na miaka mingapi imebaki, maana hati ya Serikali haizidi miaka 99. Na ikiwa muuzaji akaa humo na mkewe au mumewe, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka ridhaa ya mwenzake.

Walakini hati safi haitoshi. Ngazi, paa na lifti ni mali ya wote kwa mafungu, na paa likivuja, hata akaaye chini hulipa sehemu yake. Kwa hiyo takeni daftari la chama cha wenye jengo. Tazameni kila mmoja hutoa kiasi gani kwa mwezi, nani hatoi, akiba ni kiasi gani, na matengenezo gani yamekubaliwa lakini hayajalipwa. Ukiambiwa daftari halipo, hiyo nayo ni habari. Kisha ongeeni na mlinzi wa mlangoni. Yeye ajua pampu ilikufa lini, na hana kitu cha kuuza.

Shauri langu lingali mahakamani, wala sitalisema zaidi. Mwenye mkataba ambao bado hajautia sahihi na aulete Jumamosi baada ya saa sita, tuusome pamoja.