MARADHI YA MATENDE NA BUSHA
Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Jambo tulilokusudia kulisema si tamu masikioni, na wazee watuwie radhi kwa kulitaja hadharani. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwanza hatuna budi kuungama kosa letu. Katika daftari la Chama kuna jina moja tulilolipiga mstari, kwa kuwa mwenyewe hakuhudhuria mikutano wala mazishi muda wa miezi sita, nasi tukadhani ameudharau umoja. Baadaye ndipo tulipopata habari kwamba mguu wake ulikuwa umevimba hata hauingii kiatu, naye akiona haya kupita mbele ya mabaraza ya Kibokoni na kuonyeshwa kidole na watoto. Yeye hakututupa, sisi ndio tuliomtupa. Jina limekwisha rudishwa, lakini mstari ule wa wino ungali unaonekana, nao ndio uliotufanya tuandike maneno haya.

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba matende hutokana na kukanyaga uchawi uliotegwa njiani, na kwamba busha huletwa na madafu. Sivyo. Maradhi yote mawili huletwa na minyoo myembamba mfano wa uzi, ambayo mbu huiingiza mwilini. Minyoo hiyo hukaa miaka mingi katika mishipa inayopitisha maji ya mwili, ikaiharibu. Na maji yakikosa njia, hukusanyika mguuni, mkononi, au katika mfuko wa korodani. Watoto wake huogelea katika damu wakati wa usiku, saa zile zile mbu anapotuuma, naye huwachukua akawapeleka kwa mtu mwingine. Daktari Patrick Manson aliwaona wakikua ndani ya mbu mwaka 1877, huko Amoy, Uchina. Basi elimu hii si mpya. Ni sisi tuliochelewa kuipokea.

Mtu aweza kuibeba minyoo hiyo miaka mingi huku akijiona mzima. Ndiyo sababu dawa iligawiwa watu wote, si wagonjwa peke yao: ugawaji ulianza Kilifi mwaka 2002, na mwaka 2018 dawa tatu kwa pamoja ziligawiwa Lamu na huku kwetu Mombasa, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Jomvu. Asemaye, "Mimi si mgonjwa, ninywe dawa ya nini?" huenda yeye ndiye anayewapa mbu mzigo wa kumpelekea jirani. Jambo hili lawezekana kumalizika: Togo ilithibitishwa mwaka 2017 kuwa imeyashinda maradhi haya, na Malawi mwaka 2020.

Mbu wa mjini anayeyaeneza hupenda kuzaa katika maji machafu ya makaro na mashimo ya vyoo. Nyumba zetu za Mji wa Kale zimeegemeana ukuta kwa ukuta. Karo la mmoja likiachwa wazi, mbu wake ni wa mtaa mzima. Ndugu zetu wa Makunduchi, Unguja, walitiliwa katika mashimo yao, mwaka 1988, chembe nyepesi za plastiki zilizoelea na kuyafunika maji, hata vitoto vya mbu vikakosa pumzi; na watu wakapewa vidonge pamoja na hayo.

Ama aliyekwisha patwa, asikate tamaa. Mguu uoshwe kila siku kwa maji safi na sabuni, ukaushwe vema baina ya vidole, uinuliwe wakati wa kulala, na usiende peku. Hayo huzuia homa na maumivu ambayo kila yakirudi huuongeza uvimbe. Busha nalo hutibiwa kwa kupasuliwa na daktari, na mtu akarudi kazini kwake.

Kwa hiyo twaomba Mkutano huu uyakubali mambo matatu. Kwanza, mwanachama asiyeonekana katika mikutano miwili aendewe nyumbani kwake kabla jina lake halijaguswa. Pili, mfuko wa Chama usaidie gharama za kupasuliwa na za viatu vya kushonesha, na jina la msaidiwa lisisomwe mkutanoni. Tatu, kila mwenye nyumba afunike karo lake, na kila mmoja alale ndani ya chandarua, na vidonge vikigawiwa tena avimeze.

Kalamu yetu imejifunza kwamba ni rahisi kulifuta jina la mtu kuliko kubisha hodi mlangoni pake. Tusirudie.