Virusi vya Korona na Mzunguko wa Hedhi
Mwili unapopambana na virusi vya korona, ugonjwa wenyewe na msongo unaoambatana nao huweza kuvuruga haipothalamasi, yaani sehemu ya ubongo inayosimamia homoni za kupevusha yai, hivyo hedhi ikachelewa, ikapungua au ikatoka kwa wingi, ingawa kwa wengi hali hiyo ni ya muda tu. Kuhusu chanjo dhidi ya virusi hivyo, la kushangaza, na pengine la aibu, ni kwamba majaribio yake makubwa hayakukusanya taarifa za hedhi, na malalamiko ya wanawake kuhusu mabadiliko ya hedhi baada ya kuchanjwa mara nyingi yakachukuliwa kuwa uvumi, hadi Januari 2022, ulipochapishwa utafiti wa Marekani ulioongozwa na Alison Edelman, uliohusisha watu karibu 4,000 na kuonyesha kuwa mzunguko ulirefuka kwa muda usiofika siku moja kwa kila dozi. Damu inayolowanisha pedi kila saa, kwa saa kadhaa mfululizo, ni suala jingine, nayo huhitaji daktari mara moja.