Imani Isiyoogopa Ramli

Maneno yetu ya leo yawahusu Wakristo wa Shinyanga na Geita, na kila mtu akaaye karibu na machimbo ya dhahabu. Imani ya mtu hujulikana wapi? Kanisani siku ya Jumapili, ama nyumbani siku ile ng'ombe wanapokufa, mtoto anapougua, na duara la dhahabu lisipotoa kitu?

Injili ilifika Usukuma kabla ya mwaka 1900. Hata hivyo wako watu ambao mchana huimba tenzi, na usiku hubisha hodi kwa mpiga ramli. Naye hawaelezi asili ya taabu yao, huwatajia jirani. Kwa neno lake vikongwe wameuawa kwa mapanga, na kosa lao ni macho mekundu. Wekundu huo watoka wapi? Watoka katika moshi. Mama aliyepika miaka hamsini kwa kuni, na kwa miti ya pamba na mavi ya ng'ombe pale kuni zilipokosekana, macho yake yatabakije meupe? Ni alama ya kazi aliyotulisha kwayo.

Tena watu wenye ualbino wamewindwa, kwa uongo kwamba viungo vyao huleta mali. Mwezi wa Septemba 2009 mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu waliomwua mtoto wa namna hiyo katika Bukombe. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Sheria yaweza kuufunga mlango wa mpiga ramli. Hofu iliyo moyoni mwa mteja wake haiwezi kuifunga. Hapo ndipo imani ina kazi.

Mtoto huzaliwa na ualbino kwa sababu baba na mama wote wawili wamemrithisha upungufu wa rangi ya mwili, ingawa wenyewe ni weusi. Dhahabu nayo imo katika mwamba. Hufuatwa kwa sururu na maarifa, wala haisogezwi kwa damu ya mtu. Injili ya Yohana yasimulia habari za mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi walitaka kujua dhambi ilikuwa ya nani. Bwana Yesu hakumtia hatiani yeye wala wazazi wake.

Basi yatupasa nini? Mgonjwa apelekwe hospitali. Kikongwe aishiye peke yake tumtembelee, na jikoni mwake tumfanyie njia ya kutokea moshi. Mtoto mwenye ualbino apewe kofia pana na shati la mikono mirefu, kwa maana jua huweza kumletea kansa ya ngozi. Shuleni aketi mbele karibu na ubao, kwa kuwa macho yake hayaoni mbali. Na shauri la kuua likisikika, habari ipelekwe polisi siku ile ile, hata kama wenye shauri ni ndugu zetu.

Amwogopaye Mungu hana haja ya kumwogopa bibi wa jirani.