Nachingwea kati ya Moscow na Beijing: Mgogoro wa Nyuklia wa 1969 na Utatuzi Wake

Mgogoro wa nyuklia, yaani hali ambayo mataifa mawili yenye mabomu ya atomiki hutishana kiasi kwamba kosa dogo laweza kuwasha vita, huelezwa zaidi kwa mfano wa Kuba wa Oktoba 1962. Mada hii inashughulikia mgogoro wa mwaka 1969 kati ya Umoja wa Kisovieti na China, kwa kuwa mahasimu hao wawili walikuwa wafadhili wa chama kimoja cha ukombozi wa Msumbiji, FRELIMO, kilichokuwa na kambi yake kuu Nachingwea, kusini mwa Tanzania.

Wilaya ya Nachingwea, ambayo zamani ilijumuisha na Ruangwa, ilipata jina duniani kutokana na mpango wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Katika mashamba yaliyoachwa, mahali panapojulikana hadi leo kwa jina la Farm 17, FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, ilifundisha wapiganaji wake chini ya Samora Machel. Wakufunzi wa Kichina walifundisha hapo vita vya msituni, ilhali silaha nyingi zilitoka Umoja wa Kisovieti na Ulaya ya Mashariki.

Wafadhili hao walikuwa wakigombania uongozi wa harakati za kikomunisti, na ugomvi wao ukageuka hatari zaidi China ilipolipua bomu lake la kwanza la atomiki mnamo Oktoba 1964. Machi 1969 majeshi yao yalipigana katika kisiwa cha Zhenbao, ambacho Warusi hukiita Damansky, kwenye mto Ussuri. Waziri Mkuu wa Kisovieti Alexei Kosygin alipopiga simu Beijing ili azungumze na viongozi wa China, opereta wa Kichina alikataa kumuunganisha. Mwezi Agosti mapigano mengine yalizuka Xinjiang, na ofisa wa ubalozi wa Kisovieti mjini Washington akauliza Marekani ingechukua msimamo gani iwapo mitambo ya nyuklia ya China ingeshambuliwa. Swali la namna hiyo, hata likiulizwa kwa sauti ya chini, ni tishio.

Njia ya mazungumzo ilifunguliwa na msiba. Kosygin alikwenda Hanoi kwenye maombolezo ya kiongozi wa Vietnam Kaskazini, Ho Chi Minh, aliyefariki tarehe 2 Septemba 1969, na alikuwa amekwisha kurejea katika ardhi ya Kisovieti jibu la China kwa ombi lake la kukutana lilipomfikia, akageuza safari. Tarehe 11 Septemba alikutana na Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, katika uwanja wa ndege wa Beijing, wakakubaliana hali ya mpaka ibaki ilivyo, majeshi yasigongane, na mazungumzo ya mpaka yaanze. Nayo yalianza tarehe 20 Oktoba. Makubaliano hayo yalizuia vita tu, hayakumaliza uhasama.

Uhasama huo uliosalia uliigharimu Angola, ambako kila mkubwa alijichagulia chama chake. Kwa FRELIMO mambo yalikwenda vingine, na maelezo yenye uzito zaidi ni ya kiutaratibu: Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa Dar es Salaam, na silaha za wapigania uhuru zilipitia mikononi mwa serikali ya Tanzania na jeshi lake, ambayo kwa siasa yake ya kutofungamana na upande wowote ilipokea msaada wa wote wawili bila kuruhusu mmoja amfukuze mwenzake. Sera hiyo ndiyo iliyoilinda kambi ya Nachingwea.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Wafadhili wake wawili walitia saini mkataba wa mpaka wao wa mashariki, ulioiachia China kisiwa cha Zhenbao, tarehe 16 Mei 1991.