Kabla ya Kutoa Mabati, Tuulize Ardhi ni ya Nani

(Haya ni maneno yaliyosemwa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyachapisha ili na wale waliobaki nyumbani wayasome na kuyajadili.)



Leo tumeombwa tuseme juu ya wafadhili na watu wasio na makao. Pengine mtu akisikia neno mfadhili anafikiria mgeni mwenye gari kubwa. Lakini mama anayetoa debe la mahindi kwenye harambee ni mfadhili. Fundi anayepiga misumari kutwa bila malipo ni mfadhili. Basi tukiuliza ufadhili unaweza kufanya nini, tunajiuliza sisi wenyewe.

Tuanze na kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita kikundi kimoja kilituletea habari za mama mjane aliyekuwa akilala kwenye baraza ya duka sokoni pamoja na watoto wake watatu. Baada ya mumewe kuzikwa alifukuzwa bomani. Mioyo ilituuma. Kikundi kikafanya harambee, sisi tukaandika barua kwa mfadhili, na mabati 20 yakapatikana. Shemeji yake akasema, "Mjengeeni pale kwangu kando ya barabara, hakuna shida." Vijana wakachimba mashimo, akina mama wakakanda udongo, na siku ya kufungua nyumba tukapiga picha.

Kabla miaka miwili haijaisha, shemeji akauza kile kipande. Hapakuwa na karatasi yoyote. Mama akarudi sokoni na watoto wake, na mabati yetu yakabaki juu ya nyumba ya mtu mwingine.

Tulipomwendea hakulia. Alituambia kwamba shemeji huyo ndiye aliyemfukuza tangu mwanzo. Tukamwuliza, "Sasa mbona hukusema?" Akajibu, "Mlikuja na mabati. Ningewaambiaje?"

Ndugu zetu, jibu hilo lilitufunga mdomo. Tulikuwa tumefanya mikutano minne juu ya nyumba ya huyu mama, na hakuna hata mmoja tuliomwita aseme. Mtu asiye na pa kulala hawezi kubishana na anayemletea paa. Ni sisi wenye kutoa tunaopaswa kuuliza kwanza, tena kwa upole, na mahali ambapo yule anayemwogopa hayupo.

Hebu tuangalie mahali ambapo kazi hii imefanywa vizuri. Pale Nairobi, mtaa wa Huruma, kuna kijiji kiitwacho Kambi Moto. Watu waliishi kwenye vibanda juu ya ardhi ya baraza la jiji, bila hakika ya kesho. Walijiunga na Muungano wa Wanavijiji, ulioanza mwaka 1996, wakaweka akiba kidogo kidogo kama mnavyoweka ninyi katika vyama vyenu. Walijihesabu wenyewe, nyumba kwa nyumba. Jambo gumu lilikuwa kupatana baina ya wenye vibanda na wapangaji, lakini walipatana. Ndipo wakazungumza na baraza la jiji juu ya ardhi, na mwaka 2003 ujenzi ukaanza. Kwa kuwa nafasi ni ndogo, walipandisha nyumba juu, wakifanya kazi nyingi kwa mikono yao. Wafadhili walisaidia, ndiyo, lakini fedha za kujengea zilitolewa kama mkopo, ili zinaporudi mwingine naye ajenge. Oneni utaratibu: akiba, mapatano, ardhi, halafu nyumba. Sisi tulianzia mwisho.

Mfano wa pili uko Madagaska. Mwaka 1989 Padre Pedro Opeka, mzaliwa wa Argentina na mwana wa mwashi, alikuta familia zikiishi kwa kuchokora takataka kwenye jaa kubwa la mji wa Antananarivo. Pamoja nao alianzisha Akamasoa, maana yake marafiki wema. Fedha zilitoka kwa wafadhili wa nchi nyingi, lakini watu wenyewe walipasua mawe, walifyatua matofali na kujenga, na watoto walipelekwa shule. Leo kuna nyumba zaidi ya 3,000. Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe si adhabu. Ni kumwambia kwamba sasa yeye ni mwenyeji.

Lakini tusidanganyane, harambee peke yake haitamaliza shida hii. Mwaka 2018 serikali yetu ilihesabu watu 46,639 wanaoishi mitaani katika Kenya nzima, na yule anayelala jikoni kwa jirani hakuwemo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makao yanayofaa. Kwa hiyo tunapotoa, tusiache kudai. Mwakilishi wa wadi akija kutuchangia mabati, tumshukuru, kisha tumwulize bajeti ya kaunti inasema nini juu ya makao.

Basi kikundi kikitaka kumjengea mtu, tunashauri hivi:

1. Aulizwe mwenyewe, faraghani, anataka kukaa wapi na anamwogopa nani.

2. Ijulikane ardhi ni ya nani. Akiwa mjane, Sheria ya Urithi inamweka yeye na watoto wa marehemu mbele ya ndugu za mume. Aanze na cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi wote, kisha kesi ya urithi ifunguliwe kortini. Kama ni shamba linalotolewa zawadi au kuuzwa, bodi ya ardhi lazima itoe ruhusa. Maneno ya mdomo hayatoshi.

3. Mwenye nyumba awe na sehemu yake katika kazi, hata kama ni kuteka maji tu, na akae kwenye kamati.

4. Sehemu ya mchango itengwe kwa nauli na karatasi. Huenda faili ikasaidia kuliko mabati.

Mnauliza yule mama yuko wapi? Tulifuatana naye kortini. Ilichukua muda mrefu, na kikundi kilichoka mara mbili. Mwishowe alipata sehemu ya mume wake. Nyumba yake ya sasa ni ndogo kuliko ile ya kwanza, nayo ina mabati ya zamani yenye matundu ya misumari. Hatukupiga picha. Siku tuliyomtembelea alikuwa anapanda migomba, na migomba haipandwi na mtu anayengoja kufukuzwa.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Katika kijiji chetu, ni nani analala kwa watu, na tumewahi kumwuliza kwa nini?

2. Nyumba tulizojenga kwa harambee zimesimama juu ya ardhi ya nani?

3. Mwaka huu tunaweza kutenga shilingi ngapi kwa ajili ya karatasi?