Shauri la Vinu vya Upepo Kinangop

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi letu, Makongeni, Nairobi)



Stima ikipotea hapa Makongeni na Kaloleni, hutakosa mtu wa kusema, "Ni wale watu wa Kinangop waliofukuza vinu vya upepo. Hawataki maendeleo." Ndugu zangu, maneno hayo si ya haki, nasi wa chama tusiyarudie.

Kinangop ni Nyandarua, kunakotoka viazi, kabichi na maziwa tunayonunua hapa Nairobi. Kampuni ilitaka kusimamisha vinu 38 vya kutoa megawati 60.8. Wenyeji walipinga. Mwaka 2015 mtu mmoja aliuawa katika maandamano, na mwaka 2016 kazi yote ilivunjwa.

Ni kweli, uvumi ulikuwapo. Wengine walisema vinu vitaleta maradhi kwa watu na ng'ombe. Lakini uvumi huota mahali ambapo maelezo hayakufika. Tena kumbukeni historia ya mashamba yale. Yalikuwa ya walowezi, na tangu miaka ya 1960 wazee wengi waliyapata kwa mkopo, wakaulipa kwa jasho. Mtu wa namna hiyo akiona mgeni anapima ardhi, atauliza, "Nitahamishwa?" Asipojibiwa, atajijibu mwenyewe.

Sisi tusimcheke. Tumepata kuamka asubuhi tukakuta karatasi imebandikwa kwenye nyumba tunazokaa, ya kututaka tuhame, wala hakuna aliyetuuliza neno. Siku ile hatukuuliza kama maendeleo ni mazuri. Tuliuliza watoto watalala wapi.

Upepo wenyewe hauna kosa. Kule Ngong vinu vilianza kusimama tangu 1993. Kajiado, mahali paitwapo Kipeto, vinu 60 vilianza kazi mwaka 2021. Huko wenye ardhi hawakuuza. Wamekodisha, wanalipwa, ng'ombe wao wanalisha chini ya vinu, na wenyeji wana fungu lao katika kampuni. Lakini Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, vilijengwa vinu 365 juu ya ardhi ambayo wenyeji walikuwa wameipeleka kortini tangu 2014. Mwaka 2021 korti ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ile hazikupatikana kwa njia ya sheria. Vinu vilikuwa vimekwisha simama, kesi ikiwa bado inaendelea!

Sisi wa reli twajua kwamba taruma likilazwa juu ya udongo usioshindiliwa, gari la moshi litaanguka, hata injini ikiwa mpya. Mapatano ndiyo kushindilia udongo. Mwajiri akileta mashine mpya bila kukaa nasi mezani, hatumwachi. Basi mkulima naye asiachwe peke yake.

Wengi wetu tuna shamba nyumbani. Kampuni ikija huko, waambieni wazee wafanye hivi. Kwanza, mkataba usomwe kwa lugha wanayoijua, mbele ya watu wote. Pili, malipo na miaka iandikwe. Tatu, asitie sahihi mtu peke yake. Wakubaliane pamoja, kama sisi tunavyofanya hapa.

Twataka stima, ndugu zangu. Lakini taa ya mjini isiwashwe kwa kumwacha mtu wa shamba gizani.

Umoja ni nguvu.