Kutoka Kisiwa cha Kijani hadi Nchi ya Mchanga

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wetu, mtumishi wa Serikali hapa Pemba, mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani wa skuli yetu.)



Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumze jambo lenye faida kwa wakubwa na wadogo pamoja. Nimechagua safari. Sisemi safari ya kikazi, ambayo mtumishi wa Serikali hurudi nayo na ripoti na risiti. Nasema safari ya siku kumi na mbili tuliyoifanya mwezi wa Disemba 2022, watu tisa wa ukoo mmoja, vizazi vitatu, katika gari mbili, kwenye milima, makorongo na jangwa la Oman. Mkubwa wetu alikuwa mjomba wangu mwenye miaka 80, na mdogo wetu binti yangu wa miaka 9.

Huenda mtu akauliza: Mpemba ana haja gani na jangwa? Waarabu wa zamani walikiita kisiwa chetu Al-Jazira al-Khadhraa, yaani kisiwa cha kijani. Lakini nyote mnajua kwamba historia ya nchi hizi mbili imeshikana. Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, alizitawala zote mbili, na mwaka 1861 ndipo Zanzibar na Oman zilipotenganishwa rasmi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Watu walikuja, wakaoa, wakazikwa hapa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengine walikwenda Uarabuni, na wengi zaidi wakahamia Oman baada ya mwaka 1970.

Mjomba alikuwa mmoja wao. Mama yangu alikuwa msichana wa miaka 17 walipoagana. Waliandikiana barua, wakapelekeana kanda za kaseti, kisha zikaja simu. Lakini uso kwa uso hawakuonana kwa miaka 58.

Ukoo wetu unalo shamba la mikarafuu ambalo halijagawiwa tangu babu afariki. Watoto wa mjomba, waliozaliwa Muscat, walianza kuuliza fungu la baba yao, na majibu kutoka huku yakawa makavu. Simu zilizokuwa za saa nzima zikawa za dakika mbili. Mama, ambaye kwa miaka yote alikataa kupanda ndege, akatuita sebuleni akasema: "Jambo hili halisemwi kwenye simu. Nipelekeni kwa kaka yangu."

Tulipofika Muscat, mjomba alimpokea dada yake kwa machozi, lakini hakutaka mazungumzo ya shamba siku ile. Alisema kwanza tutembee, kila mtu aijue nchi aliyotoka mwenziwe. Mpwa mmoja alishika usukani wa gari ya kwanza, mimi nikashika wa pili, nikijikumbusha kila baada ya dakika kwamba huko gari hupita upande wa kulia.

Tulianza na Nizwa, mji ulio yapata kilomita 160 kutoka Muscat. Ngome yake kubwa ya duara ilijengwa katika karne ya 17 na Imam Sultan bin Saif, yule yule aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Ngome ni kitu cha kuonwa, lakini lililonishika mimi lilikuwa jengine: mfereji wa maji.

Wenyewe huuita falaj, na kwa wingi aflaj. Maji huchimbuliwa chini ya mlima, yakaongozwa kwa mteremko mdogo sana, mara nyingi chini ya ardhi, mpaka yafike mjini bila ya pampu wala injini. Iko mifereji zaidi ya 3,000 inayotumika mpaka leo, na mitano kati yake, ukiwamo Falaj Daris wa Nizwa, imeingizwa katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006. Kwanza maji hupita pahala pa kuchotea ya kunywa, kisha msikitini na pa kuogea, ndipo yaende kwenye mitende. Huko shambani hayagawiwi kwa ndoo; hugawiwa kwa muda. Fungu moja ni yapata nusu saa. Zamani muda huo ulipimwa mchana kwa kivuli cha kijiti, na usiku kwa nyota. Liko na fungu la wakfu, ambalo faida yake hutengeneza mfereji unapobomoka. Mwenye zamu ya usiku wa manane huamka usiku wa manane. Mama aliuangalia mfereji kwa muda mrefu, kisha akasema: "Kumbe watu wasio na mvua ndio wanaojua kugawana."

Kutoka Nizwa tulipanda Jebel Akhdar, maana yake mlima wa kijani. Hapo pana kizuizi cha polisi, na gari isiyokuwa na nguvu ya magurudumu yote manne hairuhusiwi kupita. Juu, kwenye mita 2,000 hivi, wakulima wamekata ngazi katika ubavu wa mlima, wakapanda makomamanga na mawaridi, na mawaridi hayo hupikwa yakatoka marashi. Binti yangu aliuliza kwa nini nchi hii ikaitwa ya kijani na ni mawe matupu. Mjomba akamjibu kwamba mtu wa jangwani akiona mti mmoja hushukuru, na mtu wa Pemba akiona elfu hulalamika kuwa njia haipitiki.

Kesho yake tulikwenda Jebel Shams, mlima mrefu kuliko yote nchini humo, unaofika mita 3,000 hivi. Chini yake pana korongo la Wadi Ghul, ambalo kina chake kinakaribia kilomita moja. Nyinyi wanafunzi mnaosoma jiografia sikilizeni hapa. Mawe yale ya chokaa yalitengenezeka chini ya bahari, mamilioni ya miaka iliyopita. Ardhi ikainuka ikawa milima, na katika mawe hayo hupatikana mabaki ya viumbe wa baharini. Kisha maji ya mvua, ambayo huko ni haba, yakakata mwamba kidogo kidogo mpaka likawa shimo ambalo mtu akichungulia magoti hulegea. Mama hakukaribia ukingo. Alikaa garini na kaka yake, na tuliporudi tuliwakuta wanacheka kuhusu mwembe mmoja wa Chake Chake ambao sisi hatujapata kuuona.

Safari iliyobaki ilikuwa ya mashariki. Tulipita Ibra, mji ambao watu wake wengi walikuwa na jamaa Unguja na Pemba, na dukani tulisalimiwa kwa Kiswahili safi kuliko changu. Kisha tukaingia katika mchanga wa Sharqiya, ambao zamani ukiitwa Wahiba. Eneo lake ni yapata kilomita za mraba 12,500, na Pemba yetu nzima haifiki 1,000. Vilima vya mchanga hufika mita 100. Upepo wa kusi, ule ule uliokuwa ukiyarudisha majahazi Uarabuni, ni miongoni mwa pepo zilizovijenga. Hata hivyo pana uhai: pana mti uitwao ghaf, ambao mizizi yake huteremka chini sana kutafuta maji, na majani yake hulisha mbuzi na ngamia.

Usiku huo, kwenye mahema, baada ya sala ya Isha, mjomba aliwaita wanawe na akatuita sisi. Alisema, na namnukuu kama nilivyosikia: "Mimi sikuuza fungu langu nilipokuwa sina kitu, na sitaligawa leo nikiwa na shibe. Shamba libaki moja. Fungu langu liwe kama fungu la wakfu la mfereji: kinachopatikana kisomeshe wajukuu, wa huku na wa huko." Wanawe walinyamaza. Mmoja hakufurahi, na hakuficha. Mama akaongeza sharti lake: "Sawa, lakini mikarafuu haichumwi kwa simu. Anayetaka kusomeshwa na karafuu aje ajue kupanda mti wake." Kulikuwa na maneno mpaka usiku mwingi. Asubuhi yule asiyefurahi ndiye aliyemshika mama mkono kumteremsha kwenye mchanga.

Tulimalizia Sur, mji wa mafundi wa majahazi. Hapo kimewekwa Fath al-Khair, chombo kilichoundwa mwaka 1951, ambacho watu wa Sur walikirudisha kutoka Yemen mwaka 1993 ili kizazi kipya kikione. Majahazi ya namna hiyo yalikuja kwetu na kaskazi yakiwa na tende na samaki wakavu, yakarudi na kusi yakiwa na boriti. Jirani yake ni hifadhi ya kasa ya Ras al-Jinz. Tulikwenda usiku, bila ya kelele, nyuma ya mwongozaji mwenye taa hafifu, tukamwona kasa mmoja akifukia mayai yake. Ilielezwa kwamba kasa jike, hata akisafiri mbali vipi, hurudi kutaga kwenye pwani za kule alikozaliwa. Hapo wazee wangu wawili hawakusema kitu.

Ndugu zangu, msimu wa karafuu uliofuata vijana wawili kutoka Muscat walikuja Pemba. Siku ya kwanza walichuma pishi chache za aibu. Baada ya wiki mbili mafundi wetu waliacha kuwacheka. Mjomba mwenyewe hakuweza kuja, kwani daktari alimkataza safari ndefu. Wameonana mara ile moja, na mambo yaliyokuwa yakiuvunja ukoo yamesemwa wakiwa wote hai. Wangengoja mwaka mwengine, sijui nani angeyasema.

Sasa natoka katika habari ya nyumbani kwangu na kuingia katika habari yetu sote. Asubuhi nilikaa na wanafunzi nikawauliza ni wangapi wamefika msitu wa Ngezi. Mikono iliyonyanyuka ilikuwa michache. Nikauliza kisiwa cha Misali, ambako kasa hutaga kama Ras al-Jinz. Ikawa michache zaidi. Popo wa Pemba hapatikani pengine popote duniani ila kwetu, na wako watoto wetu wanaomjua kwa jina tu.

Kwa hivyo natoa shauri kwa Kamati. Sehemu ya michango yetu ya kila mwaka itengwe kwa safari moja ya wanafunzi. Tuanze na Ngezi na Misali. Mfuko ukikua, tuwapeleke bara kwenye korongo la Olduvai, ambako Mary Leakey aligundua fuvu la kale tarehe 17 Julai 1959, likapewa jina la Zinjanthropus. Na Zinj ni jina la kale la pwani hii hii yetu. Na katika kila safari, kwa kila wanafunzi kumi achukuliwe mzee mmoja, kwa gharama ya mfuko, akae kiti cha mbele. Kijana ana macho, mzee ana habari, na gari ni pahala ambapo hakuna anayeweza kuondoka mazungumzo yakiwa mazito.

Mimi nimekwisha kumkabidhi Mweka Hazina mchango wangu wa kwanza. Aliyekubaliana nami yuko pale mlangoni na daftari lake.